Sura ya Saba: Mtoto wa Chekechea Nimpelekee Zawadi Gani?

Swali hili huulizwa sana katika majira matatu: siku za mwisho za Ramadhani, wiki ya kuelekea Krismasi, na mwisho wa mwaka shule zinapofanya mahafali ya darasa la awali. Shangazi amesimama Kariakoo mbele ya meza iliyofurika midoli, fedha mkononi, anampigia simu mama wa mtoto. "Wifi, huyu mtoto nimchukulie nini?" Mama anajibu kwa adabu, "Chochote tu wifi, watoto hawachagui." Shangazi anachukua kile kinachong'aa kuliko vyote. Wiki haijaisha, kimeshasahauliwa uvunguni mwa kitanda.

Watoto wanachagua, tena sana. Mtoto wa miaka minne huona upesi kitu gani kinafaa kwa mchezo alio nao, na kisichofaa hukiacha bila kumwonea mtu haya. Anayekosea kuchagua mara nyingi ni mtu mzima, kwa sababu hutazama bei, ukubwa wa boksi na shangwe ya dakika ile ya kufungua. Sura hii ina jambo moja kubwa la kusema: zawadi nzuri kwa mtoto wa umri huu ni ile inayomwachia yeye mwenyewe kazi ya kufanya. Ushauri mwingine wote humu unatoka hapo.

Mtoto wa umri huu yukoje?

Tukisema mtoto wa chekechea tunamaanisha mtoto wa miaka mitatu hadi sita hivi, ambaye hajaingia darasa la kwanza. Tanzania ndiye wa darasa la awali. Kenya ndiye wa PP1 na PP2. Si mtoto mchanga tena, lakini pia si mwanafunzi wa kukalishwa kwenye dawati kutwa nzima. Kazi yake ni kucheza. Kwa kucheza anajifunza kuutawala mwili wake, kuzoesha vidole, kupanga maneno na kuelewana na wenzake.

Tazama anavyobadilika. Akikaribia miaka mitatu, ukimwonyesha namna ya kuchora duara anaweza kuiga. Akiwa na minne anadaka mpira mkubwa mara nyingi kuliko anavyoukosa, na akimchora mtu, mtu huyo ana kichwa, macho na miguu. Akifika mitano anaruka kwa mguu mmoja. Kila mtoto ana wakati wake, kwa hiyo miaka hii ni ya kukadiria tu. Usiitumie kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Jambo kubwa kuliko yote katika umri huu ni kuigiza. Kifuniko cha sufuria kinakuwa usukani, mchanga unakuwa ubwabwa, kijiti kinakuwa mwiko. Watoto wanagawana vyeo katika mchezo wa baba na mama, ambao Kenya wengi wanaujua kwa jina la kalongolongo. Wakubwa huona ni upuuzi wa kupitisha muda. Kumbe mtoto anayekubali kwamba kijiti kinasimama badala ya mwiko anajiandaa kuelewa jambo gumu zaidi litakalokuja shuleni: kwamba alama iliyoandikwa kwenye karatasi inasimama badala ya sauti. Anayecheza kupika leo anajitayarisha kusoma.

Kwa ufupi: mtoto wa miaka mitatu hadi sita anahitaji vitu vya kukimbia navyo, vya kushika na kuunda kwa vidole, na vya kuigizia.

Kipimo kimoja: nani atafanya kazi?

Ukishika kitu dukani, jiulize: hiki kikifika nyumbani, kazi itafanywa na nani?

Chukua gari la betri linalowaka taa, kupiga king'ora na kujiendesha lenyewe. Mtoto anabonyeza kitufe, halafu anabaki kutazama. Gari limemaliza kazi yote. Betri ikiisha, mchezo nao umeisha. Sasa chukua gari la mbao, au lile la waya linalosukwa na vijana mtaani. Haliendi bila mtoto. Yeye ndiye injini, yeye ndiye honi, yeye ndiye konda anayeita abiria wa Mbagala. Asubuhi limebeba mchanga, jioni limekuwa gari la wagonjwa. Bei yake huenda ni ndogo kuliko ya lile la betri, lakini litachezewa miezi kadhaa.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg nchini Ujerumani, mwalimu Friedrich Fröbel alianzisha shughuli za kulea watoto wadogo kwa michezo, na kutoka hapo ndipo chekechea za dunia zilipochipuka. Vifaa alivyowapa watoto aliviita zawadi. Vilikuwa mipira laini ya uzi, kisha tufe, silinda na mchemraba wa mbao, kisha vipande vidogo vya mbao vya kupanga na kupangua. Havikuwa na mapambo. Uzuri wote ulitoka kwa mtoto mwenyewe. Vitofali vya plastiki vya LEGO, vilivyoombewa hataza nchini Denmark mwaka 1958, vinafuata njia hiyohiyo: kipande kimoja peke yake hakina maana mpaka mtoto akiunganishe na kingine.

Mjini Rochester, jimbo la New York, Marekani, kuna jumba la makumbusho la michezo liitwalo The Strong, ambalo hutangaza vitu vya kuchezea vinavyostahili heshima ya kudumu. Mwaka 2005 heshima hiyo ilipewa boksi tupu la kadibodi. Mwaka 2008 ikapewa fimbo. Kila mama aliyewahi kumwona mwanawe akiweka zawadi pembeni na kuingia ndani ya boksi lake anaelewa kwa nini.

Hii haina maana kwamba kila chenye betri ni kibaya. Tochi ndogo ina betri, lakini mtoto ndiye anayetafuta vivuli, ndiye anayechungulia chini ya meza. Kipimo kinabaki kilekile.

Kwa ufupi: kadiri kitu kinavyofanya mambo mengi chenyewe, ndivyo mtoto anavyobaki na machache ya kufanya.

Orodha ya kukuongoza

Miaka mitatu:
- mpira mkubwa laini
- vitofali vikubwa vya mbao au plastiki
- ndoo ndogo na koleo la kuchezea mchanga
- krayoni nene, ambazo ni kalamu za nta, pamoja na karatasi nyingi
- baiskeli ya magurudumu matatu, kama uwezo upo

Miaka minne:
- vyombo vidogo vya jikoni
- mdoli wa kuvalishwa, pamoja na vipande vya kanga au kitenge vya kumfungia
- picha za kuunganisha zenye vipande vichache
- ngoma ndogo au kayamba
- nguo za kuigizia: koti jeupe la udaktari, kofia, au shati kuukuu la baba

Miaka mitano hadi sita:
- kamba ya kuruka
- mkasi wenye ncha butu, gundi na karatasi za rangi
- kadi za kutafuta picha zinazofanana
- mbegu za maharage na kopo la kuzipandia
- tiara ya kurusha akiwa na mtu mzima, uwanjani, mbali na nyaya za umeme

Orodha hii ni ya watoto wote. Mvulana anayechezea sufuria anajifunza kuhudumia watu, na msichana anayesukuma lori anajifunza namna vitu vinavyokwenda, hakuna anayeharibika. Kwa mtoto mwenye ulemavu, tazama anachoweza kukifanya kuliko miaka aliyonayo. Asiyeona vizuri atafurahia mpira wenye kengele ndani. Ambaye vidole vyake havina nguvu atafurahia vipande vikubwa na unga wa kufinyanga.

Kitabu, pamoja na mtu wa kukisoma

Kitabu cha picha kinastahili nafasi ya peke yake, maana ni zawadi ambayo wengi wetu huiahirisha mpaka mtoto ajue kusoma. Usisubiri. Mtoto anayesomewa akiwa na miaka mitatu anaingia darasa la kwanza akijua kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, kwamba kurasa hufunguliwa kwa mpangilio, na kwamba kwenye maandishi kuna mambo matamu.

Vitabu vya watoto kwa Kiswahili vipo. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam imekuwa ikichapa vitabu tangu mwaka 1991, na mwaka huohuo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Aliye na intaneti anaweza kupata bila malipo hadithi za African Storybook katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, akazichapisha na kuzibana pini. Kwa umri huu tafuta kitabu chenye picha kubwa, maneno machache kila ukurasa, na mambo ambayo mtoto anayajua: soko, mvua, kuku, safari ya kwa bibi.

Kitabu kinahitaji sauti ya mtu. Ukikipeleka, kaa ukisome siku hiyohiyo. Na babu ambaye hakujaliwa kusoma asijitoe. Akifuata picha na kusimulia kwa maneno yake, mtoto amepata anachokihitaji.

Vitu vingi humchosha

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio kwa watoto 36 wa chini ya miaka mitatu. Kila mtoto alicheza mara moja kwenye chumba chenye vitu 4 vya kuchezea, na mara nyingine kwenye chumba chenye vitu 16. Palipokuwa na vinne, watoto walikaa na kila kitu kwa muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Palipokuwa na kumi na sita, walirukaruka kutoka hiki kwenda kile.

Mzazi wa mtoto mkubwa kidogo naye anaweza kulijaribu hili nyumbani. Weka nje vitu vichache, vingine vifungie kabatini, na baada ya wiki kadhaa ubadilishe. Kitu kilichotoka mafichoni hupokewa kwa furaha mpya. Na ndugu mnaotaka kumpa mtoto zawadi siku moja, changeni. Tumezoea kuchangia harusi na misiba. Tunaweza pia kuchangia baiskeli moja imara badala ya midoli minane ya kuvunjika.

Nyumba yenye watoto wengi

Wengi wetu hatumpelekei zawadi mtoto mmoja aliye peke yake. Tunampelekea mtoto anayeishi na ndugu, binamu na watoto wa wapangaji. Gari moja la kuchezwa na mmoja, likiingia uani penye watoto sita, huleta ugomvi kabla ya magharibi, na mwenye zawadi huishia kunyang'anywa au kufichiwa kabatini.

Kwa hiyo uliza kwanza nyumba ina watoto wangapi. Mpira, kamba ndefu ya kuruka, ndoo ya vitofali au boksi la krayoni huwaingiza wote mchezoni. Mwenye siku yake mpe heshima ya kufungua na ya kuanza. Akikataa kugawa palepale, usimfokee. Mtoto wa miaka mitatu bado anajifunza kwamba kitu alichokiazima mwenzake kitarudi.

Muulize mzazi pia mambo ya imani na malezi. Ziko familia zisizopenda masanamu yenye sura, na wapo wazazi wasiotaka bunduki za kuchezea nyumbani mwao. Kuuliza ni adabu, na kunaokoa fedha.

Usalama: usilegeze hapa

Kitu kizuri kinachoweza kumdhuru mtoto hakifai kuwa zawadi. Kagua haya kabla ya kulipa:

- Vipande vidogo. Kinachopenya ndani ya bomba la kadibodi la karatasi ya chooni kinaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo. Hatari ni kubwa zaidi chini ya miaka mitatu, kwa hiyo kama kuna mdogo wake nyumbani, nunua ukimfikiria naye. Alama ya duara jekundu lililokatwa mstari, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3, ina maana kitu hicho kisipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu.
- Betri bapa za duara, kama zile za saa. Ikimezwa na kukwama kwenye njia ya chakula, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Chagua kitu ambacho mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Ukishuku mtoto amemeza, mkimbize hospitali papo hapo wala usimtapishe.
- Sumaku ndogo. Zikimezwa mbili, huvutana tumboni na kuubana utumbo katikati yake mpaka utoboke.
- Maputo. Puto ambalo halijapulizwa na vipande vya lililopasuka huweza kumkaba mtoto. Apulize mtu mzima, na vipande viokotwe vyote.
- Rangi. Baadhi ya rangi zina risasi, madini yenye sumu yanayodhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Epuka midoli ya zamani ambayo rangi yake inabanduka, hata kama mtumba wake ni wa bei nzuri. Tafuta alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya.

Simu na kishikwambi

Wapo wanaoamua kumaliza kazi kwa kumnunulia mtoto kishikwambi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka mitatu na minne asikae mbele ya kioo cha televisheni au simu zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka achangamshe mwili kwa dakika 180 kila siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kutoa jasho.

Vipindi vizuri vipo. Akili and Me, kilichotengenezwa Tanzania na shirika la Ubongo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, ni mfano mmoja, na kinafaa zaidi mtu mzima akikitazama pamoja na mtoto. Lakini kipindi cha nusu saa ni jambo moja, na mtoto kumiliki kioo chake mwenyewe ni jambo jingine. Kwa umri huu, mpira unashinda kishikwambi.

Zawadi isiwe ujira

"Ukichora vizuri nitakupa zawadi." Kauli hii ina nia njema, lakini ina madhara. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora, wengine walipewa cheti hichohicho kwa ghafla baada ya kuchora, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Kilichokuwa mchezo kwao kilikuwa kimegeuka kibarua.

Hivyo mpe mtoto zawadi kwa sababu unampenda, kwa sababu ni Idi, kwa sababu ametimiza miaka mitano. Usiitumie kununua utulivu wake, wala kumlipa kwa jambo ambalo tayari analipenda. Akichora, kaa umuulize alichokichora. Kwake hayo ni malipo makubwa.

Mfuko ukiwa hauruhusu

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautaja mchezo miongoni mwa haki ambazo mzazi anapaswa kumpatia mtoto, sambamba na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haki hiyo haisubiri mwisho wa mwezi.

Unga wa kufinyanga unatengenezwa jikoni. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikanda mpaka ushikane bila kunata. Utie kwenye kopo lenye mfuniko. Mwambie mtoto usiliwe, kwa kuwa una chumvi nyingi. Mabaki ya mbao kwa fundi seremala, yakipigwa msasa vizuri pande zote, ni vitofali. Soksi kuukuu zikijazwa vitambaa ni mpira. Na safari ya kwenda ufukweni, au asubuhi moja shambani kwa babu akimwagilia mchicha, ni zawadi ambayo mtoto ataisimulia darasani.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Je, mtoto ndiye atakayefanya kazi kuliko kitu chenyewe?
2. Je, kinaweza kuchezwa kwa namna zaidi ya moja?
3. Je, kinamfaa kwa uwezo alio nao sasa?
4. Je, wenzake nyumbani wanaweza kuingia mchezoni?
5. Je, ni salama kwake na kwa mdogo wake?

Ukijibu ndiyo kwa yote matano, lipa bila wasiwasi. Mawili au matatu ya mwanzo yakikosa jibu zuri, endelea kutafuta kwenye meza ya pili. La tano likikosa, kirudishe, hata kama mtoto amekililia. Na siku ya kukipeleka usikikabidhi mlangoni ukaondoka. Kaa chini, mkeka utandikwe, ucheze naye walau nusu saa.